Dirisha la Baba Imakulata

Baba Paroko, Mjomba Marko mkuu wa ukoo wetu, masheikhe mlioteremka kutoka Newala, walimu, mafundi, majirani wa Lukuledi na ninyi nyote ambao turubai halikuwatosha mkakaa juani, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasikia mnavyoniamkia kimoyomoyo, marahaba, mimi naitwa Brigita Luka Mrope, mdogo wake marehemu, tumbo moja, ziwa moja, na familia imeniteua kusoma historia ya kaka yangu kwa sababu, kama alivyosema Mjomba jana mbele za watu bila aibu, kwenye ukoo huu sauti kubwa ninayo mimi.

Kabla sijaanza kusoma niliseme lile ambalo wengi mnanong'onezana, ili mnong'onezane vizuri. Binti mkubwa wa marehemu, Imakulata, ambaye ni muuguzi huko Tabora, bado yuko njiani, basi lake liliharibika Nangurukuru, na hivi punde tu ameshuka stendi ya Masasi, akapokelewa na fundi Gasper, wanakuja. Baba Paroko ana maziko mengine leo hii, malori ya Newala lazima yapande mlima kabla giza halijaingia, na wazee wamekata shauri kwamba historia ikiisha tunaaga, tunafunga na tunazika. Nimewaelewa wazee wangu na nimewaitikia ndiyo, ila hakuna aliyeniambia historia iwe fupi kiasi gani. Na mtani wetu Hamudi, yule pale mliyemwona amevaa ovaroli la marehemu na kofia yake, amekusanya majembe na masepetu yote ya kaburini akayakalia, anasema hainuki mpaka mtoto amwone baba yake, na mnajua wenyewe, mtani akikalia jembe msibani hakuna wa kumwondoa. Kwa hiyo tulieni, tusome.

Marehemu Apolinari Luka Mrope alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 hapa hapa Lukuledi, mtoto wa kwanza wa mzee Luka Mrope, Mmakua, mkulima wa korosho na muhogo, na mama Salome, Mmakonde wa Mkunya, Newala, ambaye aliolewa akaja huku bondeni lakini mpaka anazeeka alikuwa akitupimia maji ya kuoga kwa kata, maana aliyekulia kule juu hachezei maji hata umjengee nyumba kando ya mto. Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi, na kwa kuwa nilikuwa mlizi, mtoto wa kulia kutwa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, jambo alilonikumbusha kila aliponihitaji nimpikie.

Alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Lukuledi mwaka 1975, akamaliza la saba mwaka 1981, lakini elimu iliyomlisha maishani aliipata katikati hapo, mwaka 1978, siku aliyolenga bibo kwa jiwe, bibo likabaki mtini linamcheka, jiwe likaenda kutua kwenye kioo cha mlango wa Land Rover ya misheni. Baba alimchapa, kisha padre wa wakati ule akamwongezea adhabu yake, apande gari lile mpaka Masasi akishikilia kipande cha mkeka penye tundu, ili vumbi lisimsumbue padre. Mtoto aliyepelekwa kuadhibiwa alirudi jioni mwekundu kutoka unyweleni mpaka kwenye kope, anacheka, anatusimulia jinsi fundi alivyotoa mpira wa zamani wa kushikia kioo, akaupaka sabuni ule mpya, kioo kikateleza kikaingia mahali pake kama mtu anayerudi kwao. Mama akamwambia aache kucheka akaoge, kata moja tu.

Mwaka 1983 alijiunga na fundi huyo huyo, marehemu mzee Stefano Chitanda, katika gereji yake Masasi mjini, akafanya naye kazi mpaka mwaka 1991 alipofungua banda lake nyuma ya soko, akaandika kwa mkono wake kwenye bati, Vioo vya Magari, na herufi zile zimepinda mpaka leo. Barabara ya kwenda Newala ndiyo iliyompa ugali, na nasema hivyo bila kumtukana mtu, kwa miaka yote ya vumbi na mawe gari lilikuwa likipanda na vioo vyote na kushuka na nusu, na vioo vyenyewe vilivyoagizwa Dar es Salaam vingine vilifika Masasi vimeshavunjika ndani ya sanduku.

Haya, kwaya, nawaona mmekaa kimya kama wageni, hebu tupeni wimbo mmoja wa kumkumbuka fundi wetu, na Mwalimu wa kwaya tafadhali usikate, imbeni beti zote.

Asanteni sana. Furaha, mwanangu uliyeshika simu, wanasemaje? Wameuacha mji, wako njiani. Tuendelee na ndoa.

Mwezi Februari 1994 kaka alikuwa Newala akitengeneza gari la wakulima fulani, ikafika pick-up isiyo na kioo hata kimoja cha pembeni, akashuka ndani yake mwalimu mgeni aliyepangiwa kufundisha Mkunya, ametoka Muleba, Kagera, safari nzima ya nchi hii, na kilichoonekana kwake ni meno na macho, kwingine kote udongo. Mwalimu huyo akaomba maji ya kunawa uso kama mtu anayeomba kitu cha kawaida, watu wakatazamana, maana mwaka ule kule juu maji yalikuwa ya kunywa tu, na kwa shida. Kaka yangu alichukua kidumu chake cha maji ya kunywa, akakimimina chote kwenye mikono ya yule mwalimu, kisha akafanya kazi mpaka jioni na kiu yake. Wifi yangu Loyce, wewe umeniambia mwenyewe kwamba ulikuwa hujui ulichopewa mpaka ulipokaa Mkunya mwezi mzima, na ulipojua ulimtafuta. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 25 Novemba 1995, Jumamosi, baba mkwe mzee Ebenezer akasafiri kutoka Muleba na ndizi zake kwa sababu hakuamini kama huku kuna chakula.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni Imakulata, aliyezaliwa tarehe 8 Desemba 1996, siku yenyewe ya sikukuu ya jina lake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kaka yangu Apolinari isipokuwa mimi na serikali, akawa Baba Imakulata kwa wote. Wa pili ni Ebenezer, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2001, yuko hapa mbele, amesimama vizuri tangu asubuhi, nakushukuru mwanangu. Imakulata na baba yake walikuwa mtu na pacha wake. Alikaa bandani akishika ncha ya pili ya utepe wa kupimia toka hajaanza shule, na hata alipokwenda kusomea uuguzi akawa anampigia simu kila Jumapili baada ya misa, wakaongea mambo ambayo ukiyasikiliza huoni maana yake, umekula nini, mvua imenyesha, nani amepita, na kaka akikata simu alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Sasa nakuja mahali pagumu, mnivumilie. Mama yetu Salome alifariki hospitalini tarehe 16 Oktoba 2008, na tarehe 18 kaka ndiye aliyemsafirisha kwenda kwao Mkunya, kwa Land Rover aliyoivalisha vioo vipya kwa mikono yake wiki ile ile ili mama asafiri kwa heshima. Ulikuwa msimu wa korosho, malori yamejaa, na kabla hawajamaliza mlima lori la mbele likarusha jiwe, kioo cha ubavuni kikapasuka kikamwagikia jeneza, na kile kidirisha cha kioo cha kumuagia marehemu nacho kikavunjika, vipande vikaingia ndani. Wazee wakaona si heshima watu kumwona mama wa watu na chembe za kioo usoni, wakaamuru lipigiliwe misumari. Mimi nilikuwa natoka Tunduru, nikafika Mkunya watu wameshasimama, nikaomba wafungue, nikaomba tena, nikapiga kelele, mnaokumbuka mnakumbuka, sitaki msamaha kwa kelele zile. Mama yangu sikumwona, na mpaka leo nikimwota amenipa kisogo.

Sikumlaumu kaka, jiwe la barabarani halina mwenyewe, lakini yeye alijilaumu kwa niaba ya ukoo mzima. Alirudi bandani hashiki kazi, kioo kikigonga mahali anashtuka. Mwanzoni mwa mwaka 2009 duka moja la pale sokoni likabomoa bango lake la zamani, lililofunikwa plastiki ngumu inayoonyesha ng'ambo, na kaka akaomba ile plastiki, akailaza chini akaipiga nyundo, nyundo ikaruka, akaipiga tena kwa nguvu zake zote, nyundo ikaruka, ndipo akakaa chini akalia, na wifi anasema hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu Mkunya.

Hapo ndipo alipoanza kutoa vioo na kuweka plastiki, na watu wakamcheka, wakasema fundi amechanganyikiwa kwa msiba, anataka tupande magari yenye madirisha ya ndoo. Lakini ilikuwa nyepesi, ile milango ya magari mazee iliyolegea bawaba kwa kubeba kioo ikaanza kufunga bila kuinuliwa na goti, na jiwe likigonga linasema ko, linaanguka, abiria anaendelea kula karanga zake. Shida ilikuwa kuipinda, maana dirisha la gari lina tumbo kidogo, na plastiki haipindi kwa kubembelezwa, basi akafanya urafiki na Mama Fatu wa mikate, mikate ikitoka tanurini yanaingia madirisha, yakilainika anayalaza juu ya ubao uliofunikwa blanketi mpaka yapoe. Mama Fatu yule pale anatikisa kichwa, ni kweli mama, kwa muda fulani Masasi tulikula mikate yenye harufu ya dirisha, na ni wewe uliyetuambia ni hamira mpya.

Kioo cha mbele hakukigusa hata siku moja, walikuja wenye magari wakubwa kwa wadogo wakimsihi, akawajibu kwamba waipa itaikwangua plastiki, siku ya mvua dereva awe kipofu, na sheria nayo ina macho, mbele ni kioo, ubavuni na nyuma ndiko kwake. Wengine walinuna wakaondoka, hakuwafuata.

Watu wa Newala, sasa ni zamu yenu, na msinune, mama yangu ni wenu. Mwaka 2010 kaka aliyavalisha magari mengi ya abiria ya kule juu, akashuka anapiga mluzi, na msimu wa korosho haujaisha maneno yakamfuata Masasi kwamba yule Mmakua ametuuzia ukungu. Kumbe kule juu desturi ni moja, maji hayapewi kitu kisicho na kiu, dereva akiona vumbi dirishani anachukua tambara kavu anasugua, na kwenye kioo si neno, lakini plastiki ni laini na vumbi letu lina mchanga, kila anayesugua anachora. Madirisha yote yakawa meupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, abiria wanafika hawajui walikopita. Kaka alisusa, na hapa nisimsingizie umalaika, alikuwa na kiburi chake, akasema wasionijua wasinitumie. Ni wifi Loyce, akiwa anasuuza sare za shule, aliyemuuliza kwani yale maji ya mwisho ya kusuuzia, ambayo hata mbuzi hayataki, watu wa Newala huwa wanayapeleka wapi.

Basi akapanda na madumu, akawabadilishia madirisha bila malipo, akasimama stendi ya Newala akifundisha, maji ya kusuuzia kwanza, yamwagwe taratibu yachukue mchanga, kisha kiganja, kisha kitambaa laini mwisho. Madereva wakapiga kelele kwamba hapa hata binadamu haogeshwi hivyo, naye akawaambia binadamu akichunika anaota ngozi nyingine. Leo kila gari la kule utaona kidumu kimefungwa nyuma, na watoto waliozaliwa baadaye wanadhani ni sehemu ya gari.

Furaha, simu? Wamefika darajani. Baba Paroko, nimekuona unatazama saa, nakuheshimu sana, nimebakiza kidogo.

Kuna jambo ambalo wengi hamkulijua, kwa sababu alinikataza nisiliseme akiwa hai. Vipande vilivyobaki kwenye madirisha hakuvitupa, aliwapelekea maseremala wa Masasi, wa Newala na wa hapa Lukuledi, wakavitia kwenye majeneza mahali pa uso, na hakupokea kitu, alisema tu hii ni ya Mama. Ninyi mliosimama hapa, mliowasafirisha wazazi wenu kwa barabara zile mkafika mkawaaga vizuri, mlitazama kupitia mkono wake. Mwanamke mmoja wa Lisekese aliniambia alimwona baba yake kama aliyelala mchana, nikaenda pembeni nikalia, kwa furaha yake na kwa wivu wangu.

Mwezi Machi 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na mwezi wa nne mwaka huu, akiwa hawezi kusimama muda mrefu, aliomba msumeno wake, akakata kipande kidogo cha plastiki akakilainisha kingo kwa msasa. Wifi akamuuliza ni cha gari gani, akasema ni cha gari dogo. Wifi alipoelewa alimgombeza, akamwambia anajichuria, akakificha nyuma ya kabati, na kaka akamtuma Ebenezer akakitoa, akasema kwa upole wake ule kwamba Imaku yuko mbali, na barabara ni ile ile.

Imakulata alikuja mwezi Mei akamuuguza baba yake, na hali ilipoonekana nzuri baba mwenyewe akamfukuza, akamwambia wagonjwa wa watu wanakusubiri, akaondoka tarehe 1 Juni akiwa ameshamnyoa ndevu na kumpikia uji, akaahidi kurudi Desemba wale sikukuu yao pamoja. Siku ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake, Apolinari Luka Mrope alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na dada mmoja asiyejua sasa atamgombeza nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mlivumilia maswali yetu na mkatuambia ukweli kwa lugha ya huruma. Tunawashukuru majirani wa Lukuledi kwa kuni, kwa unga wa muhogo, kwa kisamvu, na kwa kulala nasi chini. Tunawashukuru walimu wenzake wifi, mafundi wa Masasi mliofunga mabanda yenu leo, Mama Fatu kwa mikate, watani wetu kwa kutuchekesha tulipokuwa hatutaki, Baba Paroko kwa saa yako, na ninyi wa Newala, ambao...

Vumbi lile. Mjomba, geuka, tazama vumbi lile barabarani. Ni Gasper, naijua Land Rover ile, nayajua madirisha yale. Amefika, jamani, Imaku amefika! Mpisheni njia, akina mama msimkimbilie, kilio kitamwangusha kabla hajafika, mwacheni aje kwa miguu yake. Gasper, simama huko huko, vumbi lote linatujia huku.

Ona sasa, limetua mpaka juu ya jeneza, dirisha limekuwa jekundu. Ebenezer! Weka khanga hiyo chini, usisugue! Mtoto wa fundi na wewe! Maji yako wapi, lile beseni liko wapi?

Wifi? Umesimama. Mwacheni, msimkalishe, mwacheni mjane asimame. Anayo kata mkononi, mpisheni. Njoo, wifi, mimina taratibu, kama alivyokumiminia siku ile. Haya, Imaku, mwanangu, pole na safari, usiseme kitu, leta mkono. Maji yameshapita, sasa kiganja. Polepole, kipande alichokukatia hakivunjiki. Kitambaa hiki hapa, ni laini, mwisho.

Mtazame. Mtazame unavyotaka, hakuna anayekuharakisha, na akitokea atapita kwangu kwanza. Ndevu ni zile zile ulizomnyoa, zimeota kidogo tu.

Hamudi, inuka, mtani, warudishie watu majembe yao. Kaka, mwanao amekuona, mchana kweupe, uso kwa uso. Pumzika kwa amani.